Vikapu Arobaini vya Bibi Damari

Nimestaafu mwezi uliopita. Dukani wameniaga kwa hotuba, doti mbili za khanga na saa ya ukutani ya plastiki. Sikusema kitu kuhusu hiyo saa, ila kwa duka lililouza zawadi za mikono miaka yote niliyokuwapo, nilitarajia walau mwiko. Nimeitundika jikoni. Inakwenda mbele dakika kumi.

Neema, aliyerithi meza yangu, ameniomba niandike namna ya kuchagua kazi za mafundi, ili yeye na wenzake wasianze upya. Nimekubali. Vyeo na mishahara sitaviandika, maana vyeo vilikuwa viwili tu na mishahara mnaijua wenyewe. Nitaandika nilivyofundishwa, nilivyokosea, na habari ya vikapu arobaini ambayo mmekuwa mkiisikia nusunusu jikoni pale dukani. Leo mtaisoma yote, na mtajua kwa nini kile kikapu kilichokuwa kimening'inia nyuma ya mlango wa stoo hakikuwahi kuwekwa bei.

Nilianzia Kilosa mjini, kwenye ghala la umma lililokusanya kazi za mikono za wilaya. Mtunza ghala aliitwa Mzee Damiani. Alikuwa mtu mfupi, mkali, mwenye mfuko wa shati uliobeba kalamu mbili na shazia, ile sindano kubwa ya kushonea mikeka na magunia. Siku ya kwanza alinikabidhi kikapu akasema, "Haya, nieleze." Nikasema ni kizuri. Akakichukua, akakipindua kitako juu, akanirudishia.

"Uzuri nauona, nina macho. Nimekuuliza habari zake. Kimeanzia wapi? Nani kamaliza, aliyeanza au mtu mwingine? Ukindu ulikauka au uliwahishwa?"

Sikujua hata moja. Asubuhi nzima nilikaa na kikapu kile magotini, nikivuta ukili mmoja mmoja kwa kucha. Ukili, kwa wale waliokuja kazini baada ya mifuko ya plastiki, ni ule mkanda mrefu wa ukindu, majani ya mti wa mkindu, unaosukwa kwanza, halafu unashonwa kwa kuzungushwa mpaka utoke kikapu. Mchana nilimwambia kwamba mkono ulibadilika kwenye mzunguko wa tisa, kwa sababu kuanzia hapo mishono inakaza zaidi. Mzee Damiani akasema, "Sasa nenda kale." Sikupata pongezi nyingine kwake kwa mwaka mzima, na hiyo nayo sina hakika kama ilikuwa pongezi.

Kwake nilijifunza mambo ambayo mpaka leo ninayafanya bila kufikiri. Kitu chochote kiangaliwe chini kwanza, kwa sababu fundi mvivu humalizia uvivu wake pale asipodhani mtu ataangalia. Chungu kigongwe kwa kifundo cha kidole na kisikilizwe. Mwiko unuswe, maana mti mbichi una harufu yake. Kigoda kikaliwe, na kikaliwe na mtu mzito, kazi ambayo Mzee Damiani aliniachia mimi bila kuona haya. Na kila mchongaji aulizwe mti aliupata wapi. Akijibu haraka mno, aulizwe mara ya pili.

Kisha ikaja ruksa, biashara zikafunguliwa. Walioiishi miaka ile wanakumbuka jinsi maduka yaliyokuwa na rafu tupu na karani aliyenuna yalivyojaa ghafla. Mabeseni ya rangi zote, maua ya plastiki, chupa za chai zenye waridi, mitumba ya kila namna. Siwezi kujifanya mtakatifu, na mimi nilinunua chupa ya chai yenye waridi, na niliipenda. Watu walikuwa wamechoka kukosa. Mtu aliyepanga foleni ya sabuni miaka kadhaa humwambii habari za kikapu cha kijijini. Maharusi waliokuwa wakipewa mikeka na vyungu wakaanza kupewa seti za bilauri, na ghala letu likakaa na mali mpaka panya wakaifahamu. Ijumaa moja tukaambiwa limefungwa. Mzee Damiani alifunga kufuli, akatoa shazia mfukoni, akanipa. "Mimi naenda kulima," akasema. "Wewe bado una macho." Nilikwenda nayo nyumbani nikalia, na sikulia kwa ajili ya kazi.

Miezi michache baadaye nilisikia kuna mwalimu mstaafu amefungua duka la zawadi Mikumi, barabara kuu, upande ambao mabasi husimama abiria wakala. Huyo ndiye Bi. Rehema, ambaye mpaka leo namwita Mwalimu. Sikuulizwa vyeti. Aliweka miiko mitatu mezani akaniuliza, "Ungempa mkweo upi?" Mmoja ulikuwa na nakshi ya twiga mpaka kwenye kishikio, wa pili ulikuwa umepakwa rangi ya viatu uonekane mpingo, wa tatu ulikuwa mtupu, shingo nene. Nikamwambia wa tatu, kwa sababu mkwe wangu ni mtu wa ugali wa watu kumi na twiga yule angevunjika shingo kabla ya unga kuiva. Nikaanza Jumatatu.

Kazi yangu ilikuwa kwenda kwa mafundi, kuchagua, na kuleta. Vyungu nilivifuata Kidete kwa treni kutoka Kilosa, na mvua zikinyesha mto Mkondoa ukaila reli, nilikaa Kidete na vyungu vyangu mpaka njia itengenezwe. Miiko nilichukua Munisagara, kwa mchongaji aliyetumia matawi yaliyoangushwa na upepo tu. Vibuyu vya maziwa tulipata kwa akina mama wa familia za wafugaji waliohamia kutoka kanda ya ziwa. Walikuwa wakarimu sana, na hawakuniruhusu niondoke bila kunywa kilichokuwa ndani ya kibuyu.

Nilikosea vizuri tu. Safari moja nilikuwa na haraka, sikunusa, nikaleta miiko mibichi dazeni nzima. Ikapasuka dukani mmoja baada ya mwingine, tena mbele ya wateja, kwa mlio. Safari nyingine nilipanga vyungu bila kuweka maganda ya mahindi katikati, nikafika Kilosa na vigae. Lakini hayo yote yalikuwa makosa ya mikono. Kosa langu kubwa lilikuwa la mdomo.

Bibi Damari aliishi Vidunda, juu mlimani. Gari lilinifikisha Kidodi, kutoka hapo ilikuwa miguu na jasho. Alikuwa mjane, Mwanglikana wa zamani, aliyesomeshwa na misheni mpaka kusoma na kuandika kwa mwandiko ulionizidi. Kitabu chake cha sala kilikaa kwenye kikapu cha kazi pamoja na kisu na ukindu. Binti yake Foibe alisuka naye, na wasukaji wengine wa mlimani walimtazama yeye. Akisema ukindu wa mwezi huu haufai, hakuna aliyeukata. Yeye mwenyewe alikata majani matatu kwa kila mkindu na kuacha moyo, na aliniambia kwamba mikindu ya kijito kile ilikuwa ileile aliyoikata mama yake. Rangi alitoa kwenye magome na matope ya bondeni. Vikapu vyake nilivipindua, nikavivuta, nikavikalia, sikuona pa kulaumu.

Mwaka wa pili wa duka, bwana mmoja kutoka Dar es Salaam alisimama kula, akakiona kikapu cha Bibi Damari, akaagiza arobaini. Ofisi yake ilikuwa na mkutano wa wageni, kila mgeni apewe kimoja. Alisisitiza vifanane. Mwalimu alifurahi mpaka akanipa soda. Kesho yake nikapanda mlima.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umepanda na jua hili? Foibe, mletee maji."

Nikanywa, nikamweleza. Vikapu arobaini, vyote sawasawa, kabla ya mvua. Bibi Damari hakutikisika. Alifungua daftari la shule, akachovya ncha ya penseli mdomoni.

"Niambie ni vya nani."

"Vya wageni, Bibi."

"Wageni wana majina. Mimi sisuki kikapu cha mtu nisiyemjua. Nikishamjua jina, na mwili wake, na anabebaje, ndiyo mkono wangu unajua pa kwenda. Hivi ulivyochukua kwangu vyote vilikuwa vya watu. Cha kwanza kilikuwa cha mke wa katekista, akahama. Hukuuliza."

Kweli sikuuliza. Mimi, mwanafunzi wa Mzee Damiani, niliuliza habari za mti na za mkono, nikasahau kuuliza habari za mwenye kikapu.

Hapo ningesema ukweli. Ningesema, Bibi, siwajui, na aliyeagiza mwenyewe pengine hawajui. Lakini niliona ule mlima, nikaona uso wa Mwalimu na ile soda, nikaanza kutaja majina. Ya kwanza yalikuja rahisi. Yalipokauka nikaazima kwenye salamu za redioni, zile za mtu kumsalimia mjomba na mashemeji wote popote walipo. Leonia, anatumia mkono wa kushoto. Zakaria, macho yake hayaoni vizuri. Mama Tumaini, ana mtoto mgongoni. Bwana Petro, mrefu kupita kiasi, msahaulifu. Bibi Damari aliandika bila haraka, akauliza maswali, na kila swali lilinilazimu kuongeza uongo. Petro husahau nini? Husahau vitu sokoni. Basi nitamwekea kifuniko chenye kamba, asiweze kukifunga mpaka avihesabu.

Nilipofika thelathini na tisa nilikuwa nimeishiwa kabisa. Nikasema jina la mama yangu.

"Agnesi. Ni mtu mzima. Bega la kulia linamsumbua, hawezi kutundika kitu."

Mama alilipata bega lile mashamba ya mkonge ya Kilosa, kwa kubeba mizigo ya majani, na alikuwa amefariki kabla sijaajiriwa hata ghalani. Hakuufikia uzee. Sijui kwa nini nilimsema kama yuko nyumbani ananingoja. Nadhani nilipenda tu kusikia mtu anauliza habari zake.

"Ni nani kwako?"

"Mama yangu."

Bibi Damari akaacha penseli. "Simama." Akachukua unyasi wa ukindu, akanipima kutoka bega la kushoto mpaka kiunoni, akafunga fundo. "Mtoto wa kike hukopa mwili kwa mama yake," akasema, na fundo lile akaliweka ndani ya kitabu cha sala. Huyo peke yake ndiye aliyepimwa.

Vikapu vilishuka mlimani kabla ya mvua, kama alivyoahidi. Tulivipanga barazani pale dukani, na nilijua tumeharibikiwa kabla yule bwana hajashuka kwenye gari. Rangi zilikuwa zilezile na ukili uleule, lakini hakuna viwili vilivyolingana. Kimoja kirefu chenye kifuniko. Kingine chembamba, cha kukaa ubavuni mama akiwa na mtoto mgongoni. Kimoja kilikuwa na vinundu kwenye mshikio, vya kutambuliwa kwa vidole. Kimoja kilifunguka upande ambao mimi, mtu wa mkono wa kulia, nilihangaika nacho kama nimevaa kiatu kisicho changu.

Bwana yule hakuwa mkorofi. Aliviangalia vyote, akavisifu.

"Lakini dada," akaniambia, "nikimpa huyu chenye kifuniko na yule kisicho na kifuniko, kutakuwa na maneno. Mimi niliomba vifanane. Samahani sana."

Akaondoka. Kwenye mkutano wake, nilisikia baadaye, waligawa chupa za chai.

Mwalimu alikuwa ameshamlipa Bibi Damari, na hilo hakulirudia tena. Aliniuliza jambo moja tu, ilikuwaje. Nikamweleza yote. Akasema kwa sauti yake ya darasani, "Utapanda mwenyewe ukamwambie. Mimi sitakuandikia barua."

Nilipanda nikiwa nimepanga uongo mwingine. Nitasema wageni wamefurahi, mambo yaishe. Bibi Damari alikuwa barazani anapasua ukindu. Nikasalimia, akaitikia, na kabla sijakaa akauliza:

"Leonia amesemaje? Nilikuwa na wasiwasi na ule mkono wa kushoto. Nilifumua mara mbili."

Sikuweza. Nikamwambia kwamba hakuna Leonia. Hakuna Petro wala Zakaria. Nilimwambia nikiangalia vidole vyake, kwa sababu uso wake sikuuweza. Vidole vikasimama.

"Wote?"

"Wote, Bibi. Isipokuwa mmoja."

Foibe alitoka ndani, akatuangalia, akarudi. Kisha Bibi Damari akasema, bila kupandisha sauti, na nilitamani apandishe:

"Mwanangu, mimi nikisuka huwa naomba. Kila mzunguko nataja jina la mwenye kikapu. Zakaria nimemwombea macho siku tano. Yule Mama Tumaini nimemwombea mtoto apone surua, maana uliniambia ana surua. Nimewaombea watu arobaini. Sasa maombi yangu umeyapeleka wapi?"

Nililia pale barazani kama mtoto. Yeye hakulia wala hakunibembeleza. Alikusanya ukindu, akaufunga, akautundika kwenye boriti.

"Sitasuka kingine mpaka hivi vipate wenyewe. Siyo vinunuliwe, hapana. Vipate wenyewe. Watafute."

Foibe alinisindikiza mpaka kijitoni. Alikuwa amekasirika, na alikuwa na haki. "Unajua mama yangu akikaa bila kazi mkononi anakuwaje?" akaniuliza. "Alikaa hivyo alipofiwa na baba. Hakula. Wenzake hawatagusa ukindu yeye akiwa ameutundika. Uje upesi." Nikateremka nikiwa nimeshika hilo tu kichwani, kwamba kuna mtu mzima huko juu amekaa na mikono mitupu kwa sababu ya mdomo wangu, na kila siku ninayochelewa anaikaa yeye.

Nilimweleza Mwalimu. Akatoa daftari jipya, akaninakilisha majina yote arobaini na sifa zake, na akaweka vikapu vyote rafu moja, bila bei. Kuanzia siku hiyo mteja akiingia nikawa namuuliza, "Unampelekea nani?" Wengine walidhani nawadodosa. Dereva mmoja wa lori aliniambia hayo si yangu. Lakini wengi, mkiwauliza taratibu, wana hamu ya kusema. Mtu anasimama Mikumi dakika ishirini, amechoka, ameshika chipsi, ukimuuliza anampelekea nani anaacha kula. Na ukishasikia habari za mtu, zawadi yake unaiona. Hii ndiyo sehemu ya kazi ambayo Mzee Damiani hakunifundisha, kwa sababu ghalani hatukuwahi kukutana na mnunuzi.

Leonia nilimpata wiki ya kwanza, alikuwa muuguzi aliyekuwa akihamishiwa Iringa, akasaini kitabu cha wageni kwa mkono wa kushoto mbele ya macho yangu. Nilirukia rafu mpaka akaogopa. Chembamba kilikwenda kwa mama aliyeshuka basini na mapacha, tukakubaliana na Mwalimu kwamba Bibi Damari atasamehe mtoto wa pili. Bwana Petro alikuwa Mzungu mrefu aliyerudi mara tatu kufuata vitu alivyosahau kaunta, mara ya tatu nikampa kikapu chenye kifuniko. Zakaria alinisumbua. Miezi ilipita. Kisha akaja mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi relini, akiongozwa na mkewe, akataka kitu cha kuwekea redio yake. Nilimpa kikapu chenye vinundu bila kusema neno. Vidole vyake vikapanda kwenye mshikio, vikasimama, vikarudi.

"Huyu aliyesuka alijua," akasema.

Kila kikapu kilipoondoka niliandika jina la kweli pembeni ya jina la uongo, na dereva wa Kidodi alipeleka karatasi juu. Foibe aliniletea majibu: Mama amesoma. Mama amekula. Mama amesoma mara mbili. Lakini ukindu ulikuwa bado umetundikwa, na mlima mzima haukusuka.

Ilichukua karibu mwaka. Kilipobaki kimoja, nikapanda mwenyewe. Bibi Damari alikuwa amekonda. Nikampa orodha, akaisoma kwa kidole mpaka mstari wa arobaini.

"Bado Agnesi. Si ulisema huyu ni wa kweli?"

"Ni wa kweli, Bibi. Lakini alikwisha kufa. Nilipokutajia alikuwa ameshakufa miaka mingi."

Nilidhani atanifukuza. Akafungua kitabu cha sala, akatoa ule unyasi wenye fundo. Ulikuwa umekauka na kuwa mwekundu.

"Huyu nilimwombea afike uzeeni akibeba vitu vyake mwenyewe," akasema. "Asibebewe. Ndiyo nilivyomwombea."

"Hakufika, Bibi."

Akaniangalia, siyo usoni, begani. Kisha akaurudisha unyasi kitabuni.

"Hicho usiuze. Kitunze. Foibe, nishushie ukindu."

Foibe aliushusha haraka kiasi kwamba boriti ilitoa vumbi. Nami nilikaa pale mpaka nikaona mzunguko wa kwanza. Bibi Damari aliniuliza kikapu hiki ni cha nani, nikampa jina la mtu aliyekuwapo duniani, na nilishamuuliza mwenyewe kabla ya kupanda.

Alisuka miaka kumi na miwili mingine. Alipofariki nilikwenda kumzika, na Foibe aliendelea na daftari. Ndiyo maana mpaka leo vikapu vya Vidunda havishuki bila jina, na mkitaka kuagiza lazima mjaze ile fomu ambayo Neema anasema ni ndefu. Ni ndefu. Msiifupishe.

Miaka iliyofuata ilikuwa na mengi, lakini mengi yake yanafanana. Barabara ilitengenezwa, mabasi yakawa hayasimami muda mrefu. Zikaja simu, wateja wakaanza kutuma picha badala ya kueleza. Vililetwa vinyago vya mashine vilivyochongwa mbali na kuandikwa Mikumi, tukavikataa, vikaenda kwa jirani, vikanunuliwa. Sikuwahi kuona kuwa tumeshinda chupa ya chai. Tuliuza tu kwa wale waliokuwa tayari kujibu swali.

Bega lilinianza miaka minne iliyopita. La kulia. Sikubeba mkonge mimi, nilibeba vyungu vya Kidete na vigoda vya watu, na daktari akaniambia nisitundike kitu upande ule tena. Dukani mlikuwa mnanionea huruma, kila nikishika mfuko mtu anaukimbilia. Sikulipenda jambo hilo, ila niliwaachia.

Siku yangu ya mwisho, baada ya hotuba na saa, niliingia stoo kuchukua mwavuli. Nikakishusha kile kikapu cha nyuma ya mlango. Kwa miaka yote nilikifuta vumbi tu, sikuwahi kukijaribu, kwa sababu kilikuwa cha Mama. Nikaweka ndani saa, khanga, shazia ya Mzee Damiani na daftari. Nikakitundika bega la kushoto. Mkanda ulikaa. Mdomo wa kikapu ulifika kiunoni pangu hasa, mkono wangu mzima ukaingia na kutoka bila kujikunja. Nilisimama pale stoo nikakumbuka fundo la ukindu. Nikakumbuka kwamba aliyepimwa siku ile nilikuwa mimi.

Nilipotoka, Neema alikuwa mlangoni amenyoosha mikono yote miwili.

"Mama, lete nikubebee mpaka stendi."

"Acha," nikamwambia. "Hiki nabeba mwenyewe."